Meno ya marehemu na kompyuta: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Kompyuta hutaja jina la marehemu.
Hutoa orodha tu. Programu kama WinID hulinganisha rekodi za meno za uhai na za mabaki, jino kwa jino hadi yote 32, kisha hupanga majina kuanzia linalowiana zaidi. Anayeamua ni daktari wa meno, picha zote mbili za eksirei, ya uhai na ya mabaki, zikiwa mbele yake.

Dhana: Tofauti moja ikionekana, si yeye.
Inategemea tofauti yenyewe. Kadi ya zamani ikisema jino ni zima na kwenye mabaki limezibwa, si kitu; huenda alitibiwa baadaye kwingine. Lakini kadi ikisema gego namba 36, la kwanza la chini kushoto, lilishang'olewa na kwenye taya lipo, ama si yeye, ama kadi ina kosa. Na kadi zina makosa! Eksirei hugeuzwa, kushoto kukawa kulia. Mwingine huandika kwa namba za Kimarekani: kwetu 18 ni gego la mwisho la juu kulia, kwao ni gego la pili la chini kushoto. Mochwari nako hukosewa. Meno ya mbele yana mzizi mmoja, hudondoka mwili ukioza. Tundu likiwa wazi, andika kuwa jino limepotea baada ya kifo. Mfupa ukiwa umejaa, ndipo uandike kuwa liling'oka au liling'olewa kabla ya kifo. Ukichanganya hayo mawili, mtu sahihi anaweza kushushwa mkiani mwa orodha.

Dhana: Meno ya kahawia yanatosha kumtambua mtu.
Kwa Arusha, hapana. Rangi hiyo huletwa na floridi iliyozidi kwenye maji, hasa kandokando ya Mlima Meru, jino likiwa bado linaumbika utotoni. Inadokeza alikulia maji ya namna gani, basi. Pengo la meno ya mbele ya chini, 31 na 41, nalo ni la Wamasai wengi. Kompyuta itakurundikia majina. Afadhali umbo la mzibo, au mzizi uliopinda.

Dhana: Asiyewahi kutibiwa meno hatambuliki.
Huenda alipigwa CT (eksirei ya kompyuta) ya kichwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, baada ya ajali ya bodaboda: mizizi ya meno huonekana humo. Picha ya simu akicheka husaidia kwa meno ya mbele, na meno ya bandia aliyoyaacha nyumbani pia. Ndugu waombe kliniki kadi na eksirei zenyewe, wasikubali maelezo ya mdomo. Vikikosekana vyote, hubaki alama za vidole na DNA.