Si kweli kwamba usonji hautambuliki hadi mtoto aanze shule

"Wavulana huchelewa kusema, msubirini aanze shule, usonji hautambuliki kabla ya hapo." Ujumbe wa namna hii kuhusu usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu, hauishi kuzunguka kwenye magrupu.

Ukweli ni kwamba mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kuutambua usonji mtoto akiwa na miaka 2 tu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kumhoji mzazi kwa kina. Nadhani mkanganyiko huanzia hapo: watu wakisikia "hakuna kipimo" hudhani hakuna uchunguzi. Tena ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema, kisha wakasema vizuri.

Ila usiangalie maneno peke yake. Ukimwita jina, anageuka? Akiona ndege angani, anakuonyesha kwa kidole, kisha anakutazama usoni kuhakikisha nawe umeiona? Kufikia miezi 18 watoto wengi hufanya hivyo. Asipofanya, si lazima awe na usonji. Huenda hasikii vizuri, ndiyo maana masikio nayo hupimwa.

Mweleze daktari wa watoto sasa. Msaada wa mawasiliano unaweza kuanza hata kabla ya jibu la mwisho. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.