Komeo la mlango wa nyuma: tunachofundisha katika uandishi wa kubuni

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alileta kwenye warsha hadithi ya kurasa tisa kuhusu mwanamke aliyefiwa na mumewe. Ukurasa wa kwanza ulijaa maneno mazito: majonzi, ukiwa, moyo uliopondeka. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wameshaisoma, kila mmoja na kalamu mkononi. Tulipoketi nikawauliza jambo moja kabla ya mengine yote: mlisimama wapi? Tisa walitaja sentensi ileile, iliyojificha katikati ya ukurasa wa nne: “Alikuwa ameshajifunika shuka ndipo alipokumbuka kwamba komeo la mlango wa nyuma sasa ni kazi yake.” Mwandishi akatuonyesha nakala yake. Sentensi hiyo alikuwa ameipiga mstari aifute, kwa kuona ni ya kawaida mno.

Nimefundisha somo hili chuoni kwa miaka mingi, na nikiulizwa mtu anakwenda kusomea nini huko, husimulia kisa hicho cha komeo. Uwezo wa kuandika sentensi ile alikuja nao. Alichokosa ni sikio la kuitambua akishaiandika, na sikio hilo hunolewa kwa kukaa na wasomaji makini, juma baada ya juma.

Kuipa kazi hii shahada si jambo la kale sana. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikubali mwaka 1922 kwamba kazi ya kubuni inaweza kupokewa kama tasnifu ya shahada ya juu, na mwaka 1936 warsha yake ya waandishi ikaanzishwa rasmi. Uingereza ilifuata baadaye: mwaka 1970 waandishi wa riwaya Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha East Anglia, alikosomea pia Kazuo Ishiguro, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2017. Programu zimeongezeka sana tangu hapo, lakini kifaa chake kikuu bado ni kilekile: meza, rasimu, na watu walioisoma kabla ya kuja.

Desturi ya meza hiyo ni kwamba mwenye kazi hunyamaza wakati wenzake wakiijadili. Sababu yake ni nzito. Kitabu kikishatoka, mwandishi hawezi kumfuata kila msomaji akamweleze alikusudia nini. Hata hivyo, mimi siishiki kanuni hiyo kwa ukali wake wote. Nimeona mwandishi akikaa kimya dakika arobaini huku wenzake wakibishana juu ya desturi ya ukoo wasioujua, na hadithi yenyewe haikuguswa. Sasa kila mwandishi hufungua kikao kwa maswali mawili anayotaka yajibiwe, kisha ndipo anyamaze. Mazungumzo huenda mahali panapomfaa, na anayetoka chumbani anajua la kufanya kesho asubuhi.

Sehemu nyingine kubwa ya masomo ni kusoma, na wengi hawaitarajii. Tunasoma kama seremala anavyokipindua kiti atazame viungo vyake. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la viambishi. Chukua aya yako, uondoe “ni-” na kuweka “a-”: nilimwona iwe alimwona. Herufi zimebadilika chache tu, lakini swali la nani anajua nini limebadilika lote, na siri uliyokuwa umeificha huenda ikakosa pa kukaa. Kisha jaribu wakati. “Alifunga mlango. Alizima taa. Alilala.” Hapo kila tendo linasimama peke yake, na baada ya kila moja tunavuta pumzi. “Akafunga mlango, akazima taa, akalala” inateremka bila breki. Na “hufunga mlango, huzima taa, hulala” ni mwanamke ambaye maisha yake yote ni usiku huo mmoja unaojirudia. Mtu akishaisikia tofauti hiyo haandiki tena kwa kubahatisha.

Kuhusu kuingia na kutoka nitasema machache. Programu nyingi huomba sampuli ya maandishi yako, nayo hupimwa kwa uzito kuliko barua ya maombi. Tuma kazi uliyoirekebisha mara nyingi, hata kama ni fupi. Mwishoni utawasilisha mkusanyo wa kazi pamoja na insha ya kueleza maamuzi uliyoyafanya, na insha hiyo usiidharau. Shahada haikuhakikishii mchapishaji. Wahitimu wangu wanahariri, wanafundisha, wanatafsiri, wanaandika miswada ya redio, na wachache wanaishi kwa vitabu vyao. Nisingemshauri mtu abebe deni kubwa kwa ajili ya masomo haya. Tafuta kwanza ufadhili. Zipo programu zinazokulipia ada ukikubali kufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza.

Mwanafunzi wa komeo aliufuta ukurasa wote wa kwanza. Rasimu yake ya tatu inaanza usiku, mwanamke ameshajifunika shuka. Juma lililopita alikuja ofisini kwangu, tukabishana dakika ishirini juu ya neno “sasa” katika sentensi ile: yeye anataka kuliondoa, mimi nataka libaki.