Gari la kukodi si nafuu kila mara

"Tuko sita, tukodi gari tugawane. Treni ni ya matajiri." Ndivyo wanavyosema wengi hapa Mombasa kundi likipanga safari ya Italia. Hesabu hiyo haijatia mafuta, ushuru wa barabara kuu, maegesho, wala nyongeza ya kulirudisha gari mji mwingine. Tena gari la viti saba likijaa watu, buti haina pa kuweka masanduku sita. Ugomvi huanzia hapo hapo uwanja wa ndege.

Linalouma zaidi ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji kama Roma na Florence yasiyoruhusu kila gari. Kamera husoma namba, na faini yaweza kukufuata mpaka Likoni. Venice nayo ni kama Lamu: gari linaishia Piazzale Roma, mbele ni miguu na mashua, nanyi mwalipia maegesho.

Treni ya kasi kutoka Roma hadi Florence huchukua kama saa moja na nusu, na tiketi ikikatwa mapema bei hushuka sana. Mimi gari ningelikodi kwa vijiji vya Toscana tu, siku mbili tatu, dereva awe na kibali cha kimataifa na akumbuke kule huendeshwa kulia.