Chakula na sabuni wakati wa mlipuko wa ugonjwa: hesabu ianzie kwenye sufuria

Pakiti mbili za unga wa ugali, chupa ya mafuta na mche mmoja wa sabuni. Kifurushi cha msaada cha namna hii hupendeza kwenye picha, lakini nyumba ya watu watano humaliza unga huo kwa siku mbili. Mtu mmoja huhitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Katika chakula cha msaada, hizo ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe au ndengu, 25 za mafuta, 50 za unga wa uji ulioongezwa virutubisho, 15 za sukari na 5 za chumvi yenye iodini. Kwa watu watano, siku 14, andaa unga kilo 28 (beli moja ya kilo 24 na pakiti mbili za kilo mbili), maharagwe kilo nne na robo, mafuta karibu lita mbili, unga wa uji kilo tatu na nusu, sukari kilo moja na chumvi nusu kilo.

Mzigo huo ni karibu kilo 39, na hapo ndipo wapangaji huteleza. Katika makazi ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, huko Nessuit na Mariashoni, kaunti ya Nakuru, nyumba zimetawanyika kwenye miinuko ya msitu huo, na mvua ikinyesha lori halipandi. Kishawishi huwa ni kupunguza mgao ili ubebeke. Afadhali vituo vya kugawia viongezwe, na nauli ya boda boda iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hawezi kubeba kilo 39, na asipolipiwa usafiri atalipa kwa kukatwa sehemu ya unga wenyewe.

Aina ya maharagwe nayo ina umuhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hiyo kila kitu huchelewa kuiva. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu; unaweza kuyachemsha nusu siku na bado yakagoma. Hapo kuni zimekwisha. Kwa Waogiek, kuni si jambo dogo: kesi ya haki zao katika msitu wa Mau ilifika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotoa hukumu kwa upande wao tarehe 26 Mei 2017. Kwa hiyo nunua ndengu au kamande, au maharagwe ya msimu huu, na umkumbushe kila anayepokea kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale. Magadi hulainisha, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, basi yawe machache.

Unga wa pakiti una faida moja juu ya mahindi ya gunia. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe vitamini na madini, ilhali wa posho mill hauna nyongeza hiyo. Angalia nembo ya uongezaji virutubisho na tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kulipa. Ukilazimika kugawa mahindi, unyevu usizidi asilimia 13.5, na yapimwe sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini), kabla ya kupakiwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue Ukambani, na 125 kati yao wakafa. Kuyapika hakuiondoi, na kuyaosha vilevile.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga yasitiwe kwenye kifurushi kabisa. Sheria ya 2012 inadhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama, na chupa inayooshwa kwa maji ya mto huleta kuhara haraka kuliko njaa. Mpe mama anayenyonyesha chakula zaidi. Unga wa uji ni wa mtoto kuanzia miezi sita. Mhudumu wa afya ya jamii apime mkono wa juu wa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 mtoto ana utapiamlo mkali na anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje mgao.

Upande wa usafi, kipimo cha chini ni gramu 250 za sabuni ya kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Watu watano wanahitaji kilo mbili na robo, kwa hiyo mche wa gramu 800 ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja. Fedha zikipungua, acha sanitaiza ununue sabuni, kwa sababu sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye tope au mafuta. Ili sabuni ya kunawia idumu, koroga gramu 30 za sabuni ya unga katika lita moja na nusu ya maji kwenye chupa ya plastiki, toboa kifuniko kwa msumari, kisha iandike chupa ili mtoto asidhani ni kinywaji. Usisahau sodo. Tangu 2017 sheria inataka wasichana wapewe sodo shuleni, lakini shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona mlango huo ulifungwa nao.

Sabuni bila maji yanayotiririka haifiki mbali, maana beseni moja la watu wote hurudisha uchafu mikononi. Kibuyu chirizi, yaani kidumu cha plastiki kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti ili kimwage maji kidogo kidogo, hutosha. Chimba mashimo mawili ya sentimita 45, umbali wa sentimita 60 hivi, usimike nguzo zenye panda. Toboa kibuyu cha lita tano kwa msumari wa moto, tundu la milimita mbili, karibu sentimita 12 chini ya kifuniko. Kining'inize kwenye mti uliolala juu ya panda, kisha funga kamba shingoni na uiunganishe na kijiti cha kukanyaga, ili mkono usiguse kitu. Tundu likiwa chini mno maji hudondoka mfululizo na kibuyu huwa kitupu kabla ya adhuhuri. Sabuni itobolewe, itundikwe na kufunikwa kwa kopo, la sivyo mvua itaiyeyusha. Chini yake weka kokoto ili pasigeuke dimbwi.

Siku ya kugawa ni hatari yake yenyewe. Aprili 2020 watu walikanyagana Kibera wakigombea msaada. Orodha isomwe barazani siku kadhaa kabla, kila kijiji kipewe saa yake, wazee na wajawazito watangulie, na kilichomo kwenye mgao kiandikwe ubaoni kwa kilo ili kila mtu ajihesabie. Maelezo yatolewe pia kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa si kila mzee anafuata Kiswahili cha matangazo. Asiye na kitambulisho asirudishwe mikono mitupu: mzee wa kijiji na majirani wawili wanatosha kumthibitisha.

Wiki moja baadaye tembelea nyumba chache bila kutangaza. Tazama kama kibuyu kina maji na sabuni iko wapi, kisha hesabu pakiti za unga zilizobaki. Kwa watu watano zinapaswa kuwa saba. Zikiwa tatu, yaelekea wanaokula ni wengi kuliko walioandikwa, na kinachorekebishwa ni orodha.