Breki ngumu si breki kali

Wiki hii amekuja mwingine na mfuko wake mkononi: hozi za waya (mipira ya mafuta ya breki iliyosukiwa waya nje), pedi za siramiki za mbele, na ombi ambalo nimelisikia mpaka nimechoka. "Fundi, nifungie hizi, nataka breki ziwe kali. Pasaka napeleka familia Lushoto." Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki. Nikamwomba ufunguo, akakaa pembeni, tukatoka.

Kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, mwendo 40, nikakanyaga kwa nguvu. Tairi zote mbili za mbele zikafunga, zikapiga yowe, gari likateleza na vumbi lake. Nikamuuliza: mdogo wangu, ukali gani tena unautafuta? Breki hizi tayari zinaweza kulizuia tairi lisizunguke. Kuanzia hapo, mwenye kazi ya kusimamisha gari ni tairi na lami, siyo pedi. Hata nikikufungia breki za lori, tairi litafunga mapema zaidi tu, na umbali wa kusimama utabaki uleule. Tukashuka kuangalia tairi zenyewe. Ubavuni zimeandikwa 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zina kashata (meno ya tairi) za kutosha, lakini mpira umekauka mpaka ukucha hauingii.

Kinachowachanganya watu ni pedali. Ukifunga hozi mpya, pedali inakuwa juu na ngumu, na mguu unaamini kwamba nguvu imeongezeka. Haijaongezeka. Hozi ya mpira iliyozeeka huvimba kidogo kila unapokanyaga, kwa hiyo sehemu ya safari ya mguu wako inaishia kwenye kuvimbisha mpira. Hozi ya waya haivimbi hivyo, basi unakanyaga kidogo na breki inaitikia mapema. Ni jambo zuri na mimi mwenyewe nalipenda. Lakini hozi mpya ya mpira ya kawaida ingekupa sehemu kubwa ya faida hiyo hiyo. Tena niseme ukweli: huwezi kubadilisha hozi bila kuingiza mafuta mapya ya breki na kutoa upepo, kwa hiyo mteja anaporudi kunishukuru, siwezi kumwapia kwamba anashukuru waya na siyo mafuta mapya.

Sasa twende Lushoto, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kutoka Soni kushuka Mombo ni kona na mteremko. Dereva anaacha gari kwenye D, anashikilia breki kidogo kidogo njia nzima. Breki zikichoka kwa joto, zinachoka kwa namna mbili, na pedali inakwambia ni ipi.

Ya kwanza: pedali inabaki juu, ngumu kabisa, unakanyaga kwa mguu wote na gari halipungui. Hapo pedi zenyewe zimepata joto kuliko uwezo wake na zimepoteza mshiko. Umeona? Breki ngumu kuliko zote, na gari linakwenda. Huyu ndiye anayehitaji pedi bora.

Ya pili: pedali inakuwa laini kama sifongo, inashuka mpaka chini. Hapo pedi hazina kosa, mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani mwaka hadi mwaka. DOT 3, yaani daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, hata asilimia 4 hayafiki, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ubaya wake ni huu: ukisimama gari likapoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda kama kawaida. Dereva anasema "ilikuwa upepo tu", anaendelea na safari. Pedi za siramiki hazimsaidii huyu hata kidogo. Anahitaji chupa ya mafuta mapya ya breki, na gia namba mbili ili injini imsaidie kulizuia gari.

Kuna ugumu wa tatu, wa pedali kuwa jiwe hata gari likiwa baridi. Hilo ni busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, au mpira wake wa vakyumu. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali ikaze, ishikilie, uwashe. Isiposhuka kidogo, busta haifanyi kazi.

Siramiki zina sifa zake za kweli: kelele kidogo, vumbi kidogo. Ukali usiusome kwenye boksi. Pembeni mwa pedi nyingi kuna herufi mbili, kama FF au GG. Ya kwanza ni mshiko katika joto la kawaida, ya pili ni katika joto kali, na G inashika kuliko F, F kuliko E. Mimi naiogopa pedi ambayo herufi ya pili imeshuka. Ila herufi hata mwizi anaweza kuzipiga chapa, na mbele ya pedi feki iliyotengenezwa vizuri sina kipimo zaidi ya muuzaji ninayemwamini.

Hozi nazo zinanisumbua. Nimepasua hozi iliyokuwa nzuri nje nikakuta ndani imejifunga. Nimepasua iliyochanika nje nikakuta ndani safi. Macho hayatoshi. Gurudumu likibaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, legeza kwanza paipu ya chuma inapoingia kwenye hozi. Likiachia, tatizo liko juu, upande wa masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Lisipoachia, fungua nipo ya kalipa, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kifaa kinachobana pedi. Likiachia hapo, hozi imeziba.

Mengine kwa haraka. Washa za shaba, zile pete za kuzibia maungio ya hozi, ziwe mpya. Diski ikishuka chini ya kipimo kilichoandikwa MIN TH, itupe. Paipu ya chuma iliyooza kwa chumvi ya pwani haichomelewi. Na unapotoa upepo kwenye gari la miaka 25, weka kipande cha mbao chini ya pedali. Ukikanyaga mpaka sakafuni, raba za masta silinda zinafika mahali ambapo hazijawahi kufika, penye kutu, zinachanika, na kesho utalaumu hozi mpya.

Hozi zake za waya nilizifunga, kwa sababu za zamani zilikuwa na nyufa. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa ya Kariakoo. Kisha nikamwambia azungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, nami nimelala chini na tochi. Upande wa kushoto waya uligusa mkono wa shokapu. Nikalegeza, nikageuza hozi robo, nikakaza, akazungusha tena. Pedi za siramiki nikamrudishia zikiwa kwenye boksi, maana za kwake zilikuwa bado nene, nikamwandikia kwenye karatasi saizi ya tairi.