Viza ya Schengen: yanayosemwa vijiweni na yanayosomwa ubalozini

Kaa nusu saa nje ya kituo chochote cha kupokea maombi ya viza, Dar es Salaam au Nairobi, na utapewa elimu ya bure usiyoiomba. Mmoja atakwambia ubalozi fulani unataka uwe na milioni hamsini benki. Mwingine atakuapia kwamba wasiooa hawapewi. Wa tatu ana namba ya mtu ambaye "anajua njia". Kila mmoja ana mfano hai wa shemeji au jirani, ndiyo maana maneno yao yananata.

Viza ya utalii ya Schengen, inayokufungulia nchi 29 za Ulaya kwa mkupuo, ina sheria yake iliyoandikwa: Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, iliyofanyiwa marekebisho baadaye. Mambo ambayo konsula anatakiwa ajiridhishe nayo si mengi. Safari hii ni ya kweli? Mwombaji anaweza kujikimu kwa siku alizotaja? Atarudi kwao kabla muda haujaisha? Ni tishio kwa usalama wa nchi au afya ya umma? Kila karatasi unayopeleka inasomwa huku ikilinganishwa na nyenzake, na zikianza kupingana zenyewe kwa zenyewe, hapo ndipo mambo huharibika.

"Tunisha akaunti kwanza"

Hii ndiyo dhana iliyowaponza wengi, na imezaa biashara kamili: kuna watu wanaokopesha pesa kwa riba ili ilale kwenye akaunti yako wiki mbili, utoe taarifa ya benki, kisha uirudishe.

Tazama taarifa hiyo kwa jicho la afisa viza. Mshahara wa laki nane na nusu unaingia kila tarehe 25. Kufikia tarehe 10 salio limebaki elfu arobaini. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Halafu siku tisa kabla ya maombi kuna mstari mmoja: pesa taslimu, milioni kumi na mbili. Aliyeiweka anadhani afisa ataona utajiri. Afisa anaona mstari mmoja usiofanana na maisha ya mwenye akaunti, na anajiuliza ya nani hiyo na itarudi lini. Mwombaji huyo angekuwa salama zaidi na salio dogo linaloeleweka.

Kinachotafutwa ni mtiririko wa miezi mitatu au zaidi: pesa inaingia kutoka wapi, inatoka kwenda wapi, na je, ratiba ya safari inalingana na mfuko huo. Kama kweli umeuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauziano. Kama unauza nafaka au vipuri na hela yako yote inapita kwenye simu, taarifa ya M-Pesa nayo ni ushahidi, ikiongozana na leseni ya biashara na karatasi za kodi, za TRA au za KRA. Mfanyabiashara anayeficha biashara yake kwa mamlaka ya kodi hukwama hapa, na hilo si kosa la ubalozi.

Kiasi gani basi? Nchi zinatangaza viwango vyao. Ufaransa huhesabu euro 65 kwa siku kwa aliyelipia hoteli, na 120 kwa asiye na hoteli. Ujerumani hutumia euro 45 kwa siku kama kipimo. Siku kumi za Paris ukiwa umelipia hoteli ni euro 650, yaani kama milioni mbili za Kitanzania, kutegemea bei ya siku. Hapo bado nauli na bima, lakini umeona tuko mbali kiasi gani na zile milioni hamsini.

"Ndugu yangu wa huko kaniandikia barua, mambo yamekwisha"

Barua ya mwaliko inaeleza unakwenda kwa nani na kulala wapi. Ni nzuri, ila ni karatasi tu ambayo yeyote anaweza kuichapa jioni moja. Nchi kadhaa zina hati rasmi kwa ajili hiyo. Ufaransa mwenyeji anakwenda ofisi ya meya wa mji anakoishi na kupata hati ya kupokea mgeni, na ukiwa nayo kile kiwango cha kila siku kinashuka hadi euro 32.50. Ujerumani mwenyeji anakwenda idara ya wageni na kutia saini ahadi ya kugharamia. Hiyo si salamu ya kifamilia. Mgeni akiitia serikali hasara, mwenyeji anaweza kudaiwa, na kipato chake kinakaguliwa kabla hajakubaliwa kusaini.

Hata hivyo hati hiyo inajibu swali la pesa peke yake. Swali la kurudi liko palepale, na hilo halijibiwi na ndugu aliyeko Hamburg. Linajibiwa na wewe. Chukua mfano wa mama wa Tanga, mjane, anayetaka kwenda kumwona mjukuu. Hana mshahara wala mwajiri wa kumwandikia. Ana nyumba yenye wapangaji wawili, shamba la machungwa Muheza, na watoto wengine watatu wanaoishi naye jirani. Mikataba ya wapangaji, hati au barua ya serikali ya mtaa kuhusu shamba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: hiyo ndiyo mizizi yake, na ikiwekwa mezani inazungumza. Wengi wa akina mama hawa hupeleka barua ya mtoto aliyeko Ulaya na pasipoti, basi. Akikataliwa, mtaa mzima unasema ni kwa sababu ya uzee.

Lile la kwamba mseja hapewi ni jambo hilohilo limevaa nguo nyingine. Hakuna kifungu kinachomzuia asiyeoa au asiyeolewa. Kijana mwenye kazi apeleke barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini, pamoja na namba ya simu inayopokelewa na mtu wa ofisini. Balozi hupiga simu. Namba ikipokelewa na binamu aliyeko stendi ya Magufuli, kelele za makondakta zinasikika mpaka huko.

"Lipia tiketi ya ndege ndiyo wakuamini"

Hapana. Buking ya kwenda na kurudi inatosha, na balozi nyingi zenyewe huonya usilipe tiketi kamili kabla ya majibu. Buking ya hoteli pia si lazima iwe imelipwa, ila iwe hai: wapo wanaoifuta kesho yake asubuhi baada ya kupeleka maombi, na hoteli ikiulizwa inasema haimjui mgeni huyo.

Pesa ambayo hairudi ni ada ya viza. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza. Ukidaiwa zaidi ya hapo, uliza ni ya nini: mara nyingi ni huduma za hiari kama ujumbe wa simu au chumba cha kungojea chenye viti laini.

Bima nayo ina masharti yake. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani haifai. Inatakiwa bima ya safari inayolipa angalau euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, na inayogharamia pia kurudishwa nyumbani kwa sababu za matibabu au ukifariki. Kampuni za hapahapa Afrika Mashariki zinaiuza. Huna haja ya kuitafuta Ulaya.

"Omba kwa nchi rahisi, ukifika utakwenda utakako"

Sheria inasema unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi au iliyobeba kusudi kuu la safari, na kama siku zinalingana, kwa ile utakayoingilia. Kushukia nchi nyingine si kosa: mtu mwenye viza ya Ujerumani anaweza kupita Amsterdam na kuendelea na safari yake. Kosa ni kupeleka ratiba ya siku nane za Vilnius wakati dada yako anakusubiri Brussels na hujui hata hoteli uliyoandika iko mtaa gani. Askari wa mpakani anaruhusiwa kukuuliza, na viza inaweza kufutwa.

Unaomba pia katika nchi unakoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaombea Muscat, hana sababu ya kupanda ndege kurudi Dar kwa ajili hiyo.

"Wakala ana mtu wake ndani"

Wafanyakazi wa kituo wanapokea karatasi, wanachukua picha na alama za vidole, wanatuma faili. Uamuzi ni wa konsula, naye hawajui wateja wa wakala wako. Wakala mwaminifu anakusaidia kujaza fomu na kupanga karatasi, na hiyo ni kazi halali ya kulipiwa. Tatizo ni yule anayesema "niachie mimi" na kukurudishia faili yenye barua ya kampuni ambayo hujawahi kufanyia kazi. Saini ni yako. Karatasi ya kughushi ikigundulika, sababu hiyo inaandikwa kwenye mfumo wa taarifa za viza, ambako rekodi hukaa hadi miaka 5 na inasomeka kwa nchi zote za Schengen. Wakala atabadilisha namba ya simu, wewe huwezi kubadilisha vidole.

"Ukikataliwa, umefungiwa maisha"

Kukataliwa hakukufungii kitu. Unapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama, na una haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyokukatalia. Taratibu hubadilika: Ujerumani ilifuta kuanzia 1 Julai 2025 ile njia ya kuuandikia ubalozi upitie upya uamuzi wake, kwa hiyo aliyekataliwa sasa anakwenda mahakamani Berlin au anaomba upya. Kwa watu wengi kuomba upya ni nafuu zaidi, mradi uwe umesoma ile fomu. Wanaorudi na faili lilelile wiki ijayo hupata jibu lilelile, na euro 90 nyingine zimekwenda.

"Viza imetoka, kilichobaki ni kupanda ndege"

Stika ina mistari mitatu ya kusomwa kwa makini. Tarehe za kuanzia na kuishia ni dirisha unaloweza kulitumia. Idadi ya siku ndiyo unayoruhusiwa kukaa, na ikiandikwa 12 ni 12, hata kama dirisha lina siku 27. Idadi ya kuingia ikiwa 01, ukitoka kwenda London umetoka, kwa sababu Uingereza haimo, na Ireland haimo. Kurudi Paris kupanda ndege ya nyumbani kutahitaji viza nyingine.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi ana kikomo cha siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Wengi huzitafsiri kuwa miezi mitatu. Aliyeingia 1 Juni anatakiwa awe ametoka 29 Agosti. Akingoja 31 Agosti amezidisha siku mbili, na tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya ilipoanza kusajili wanaoingia na kutoka kwa picha na alama za vidole, hesabu hiyo inafanywa na kompyuta.

Ndugu zetu wa Kongo wana la ziada. Raia wa DRC wamo kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani, hata kama wanabadilisha ndege tu na hawatoki nje. Zipo nafuu, kwa mfano kwa mwenye viza halali ya Marekani au Kanada. Baadhi ya nchi za Schengen zina orodha zao za nyongeza za raia wanaohitaji viza hiyo, kwa hiyo msafiri yeyote aangalie orodha ya nchi anayopitia kabla ya kulipa nauli.

Na kabla hujaondoka dirishani, linganisha jina, namba ya pasipoti na tarehe za kwenye stika na zile za pasipoti yako, herufi kwa herufi. Kosa likionekana palepale, wenyewe wanalirekebisha. Likionekana saa tano usiku mbele ya kaunta ya shirika la ndege, mhudumu hana la kukufanyia zaidi ya kuushusha mzigo wako.