Anayeongoza Asishike Kitu

Nikiwa daktari mchanga niliwahi kuongoza ufufuaji wa mgonjwa aliyesimama moyo huku mwenyewe nakandamiza kifua. Ilikuwa saa tisa usiku. Jasho lanitiririka, nahesabu kwa sauti, naangalia monita kwa kuibia, na katikati ya hayo nikapaza sauti: "Adrenalini ipewe!" Ipewe na nani, sikusema. Wauguzi wawili walikuwa karibu na troli na kila mmoja akaamini mwenzake ameshaidunga. Tulipomaliza tuliikuta sindano kwenye trei, imejaa vilevile.

Hakuna hata mmoja wetu usiku ule ambaye hakuwa anajua dawa. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kutazama chumba kizima.

Ndiyo maana leo, katika idara ya dharura ninakofanya kazi, kiongozi wa ufufuaji husimama miguuni pa kitanda, mikono yake mitupu. Pale anaona kifua, monita, anayetoa hewa na anayetoa dawa. Akianza kutafuta mshipa, macho yake yanaishia kwenye ule mkono wa mgonjwa, na chumba kinabaki yatima. Ikimlazimu kushika kitu, tuseme yeye ndiye pekee anayeweza kuingiza mrija wa hewa, atangaze kwanza: "Naachia uongozi, ni wako." Na aliyekabidhiwa aitikie.

Kifua ndicho chenye kazi ya punda. Kwa mtu mzima ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kila mara kifua kiachwe kirudi juu chote ili moyo ujae damu tena. Mkandamizaji huchoka kabla mwenyewe hajajua kwamba amechoka. Atakuapia kuwa bado ana nguvu huku viganja vyake vinazama nusu tu ya inavyotakiwa. Kwa hiyo tunabadilishana kila dakika 2, bila kumuuliza mtu anajisikiaje, na anayefuata awe ameshasimama upande wa pili wa kitanda. Kusitisha kusizidi sekunde 10. Hata mashine ya kushtua moyo inapojichaji, mikono iendelee. Inaondoka tu pale mshtuko unapotolewa, kisha inarudi papo hapo. Ukiacha kukandamiza, msukumo wa damu inayolisha moyo wenyewe huporomoka mara moja, na kuujenga upya kunataka mikandamizo kadhaa.

Anayeshika ambu, ule mfuko wa kuminya unaompa mgonjwa hewa, naye huharibu kwa nia njema. Hofu humfanya aminye harakaharaka. Mrija ukishaingia, pumzi 1 kila sekunde 6 inatosha. Kabla ya hapo, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Hewa ikizidi, shinikizo ndani ya kifua hupanda na damu hushindwa kurudi kwenye moyo.

Kuna kazi watu huidharau: kutunza saa. Kwenye taharuki dakika 2 zinaweza kuonekana kama kumi, au kama sekunde chache. Mtunza saa anaandika kila kitu na kupaza sauti: "Dakika mbili, badilishaneni!" "Adrenalini ya mwisho imetimiza dakika nne!" (Miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, kwa hiyo mzunguko mmoja wa dakika 2 ndiyo, mmoja hapana.) Mwanafunzi anaifanya vizuri kabisa, mradi asiwe mtu wa kunong'ona.

Amri nayo iwe na mwenyewe. Simwambii "mtu" achome dawa. Namtazama muuguzi: "Sista, adrenalini miligramu 1, mshipani." Anajibu, "Adrenalini miligramu 1, mshipani." Akimaliza: "Imeingia." Mtunza saa anaandika. Wageni wanaona kama tunacheza ngonjera, lakini ngonjera hiyo ingeniokoa ule usiku.

Kinachonisumbua zaidi ni adabu yetu. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa, na muuguzi aliyeniamkia shikamoo asubuhi haoni rahisi kuniambia mchana kwamba nakosea. Basi mwanzoni mwa zamu, tunapogawana kazi ubaoni, naomba wazi nikosolewe. Intani mmoja, daktari aliye bado mafunzoni, alinikata kauli mbele ya wote: "Daktari, kifua hakirudi juu." Nilikuwa nakandamiza huku nimekiegemea. Alikuwa sahihi.

Usiku mkiwa watatu tu, kanuni yangu ya mikono mitupu inavunjika. Hapo wawili wanapokezana kifua na ambu kila dakika 2, na wa tatu anabeba dawa, mashine, saa na uongozi. Si mpangilio mzuri, ila kila kazi inajulikana ni ya nani.

Na mikono mitupu ina faida nyingine: inaacha kichwa kifikiri kwa nini moyo umesimama. Tuliwahi kumpokea mgonjwa wa figo. Nikiwa miguuni pa kitanda niliona mkononi uvimbe wa mshipa wa kusafishia damu, nikamuuliza ndugu yake mlangoni alisafishwa lini mara ya mwisho. Alikuwa amekosa mara mbili. Potasiamu! Figo zikishindwa kuitoa, hujaa kwenye damu na kuweza kuusimamisha moyo. Kalsiamu, ya kuukinga moyo dhidi yake, ikaingia wakati mikandamizo inaendelea, na mapigo yakarudi. Kama ningekuwa juu ya kifua chake, mkono ule nisingeuona.

Bado nina tabia moja iliyobaki kutoka kwenye ile sindano. Tukio likiisha, kabla sijanawa, nahesabu vichupa vitupu vya adrenalini na kulinganisha na karatasi ya mtunza saa. Hivi karibuni karatasi ilisema vitano, kwenye trei vipo vinne. Tulikitafuta cha tano mpaka uvunguni, tukakikuta kimebingirika hadi kwenye gurudumu la troli. Kitupu.